Namna ya kuendesha injini ya plagi kwa amonia na haidrojeni

Amonia peke yake kwenye injini ya plagi huwaka kwa uvivu. Haidrojeni peke yake huwaka kwa pupa. Ukizichanganya, kila moja hufunika udhaifu wa mwenzake, na kiasi cha haidrojeni kinachohitajika ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwongozo huu ni wa injini ndogo ya mipigo minne, silinda moja au mbili, iliyofungwa kwenye benchi la majaribio na ambayo awali ilitumia petroli. Haukuandikwa kwa ajili ya gari la barabarani wala kwa gereji lililofungwa madirisha. Amonia ni sumu, na mahali pasipokuwa na feni ya kutoa hewa, kifaa cha kugundua gesi na bomba la maji karibu, kazi hii isianze.

Tofauti za mafuta haya ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata. Katika mchanganyiko kamili na hewa ya kawaida, moto wa amonia husafiri takriban sentimita 7 kwa sekunde, wa petroli hukaribia 40, na wa haidrojeni hupita 200. Amonia huhitaji cheche yenye takriban milijuli 8 ili ishike. Haidrojeni hutosheka na 0.02. Amonia huwaka ikiwa kati ya asilimia 15 na 28 ya ujazo wa mchanganyiko wake na hewa, ilhali haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Kwa upande mwingine amonia haigongi kirahisi, yaani hailipuki yenyewe ndani ya silinda (oktani yake, kipimo cha kustahimili kugonga, hupita 110) na hukaa kimiminika kwa shinikizo la bar 9 hivi kwenye nyuzi joto 20, kama gesi ya kupikia. Haidrojeni hudai mtungi wa bar 200, na bado mtungi huo wa lita 50 hubeba gramu 700 tu au zaidi kidogo.

Piga hesabu kabla ya kushika spana

Chukua injini ya sentimita za ujazo 500, mizunguko 3000 kwa dakika, throtoli (valvu ya kudhibiti hewa inayoingia) wazi, ujazaji wa silinda asilimia 85. Injini hiyo huvuta pumzi mara 25 kwa sekunde, jumla ya lita 10.6 za mchanganyiko. Mafuta yakiwa asilimia 90 amonia na 10 haidrojeni kwa ujazo, na hewa ikiwa ile hasa inayohitajika, mafuta huchukua takriban asilimia 22 ya mchanganyiko wote. Hapo mahitaji yako ni haya:

- Amonia: gramu 1.5 kwa sekunde, sawa na miligramu 60 kwa kila mvuto, au kilo 5.4 kwa saa.
- Haidrojeni: gramu 0.02 kwa sekunde, sawa na miligramu 0.8 kwa kila mvuto, au gramu 71 kwa saa.
- Hewa: takriban mara 6.4 ya uzito wa mafuta.
- Nishati inayoingia: kilowati 30. Ukipata theluthi moja kwenye shafti, una kilowati 9 hadi 10.

Angalia kwamba asilimia 10 ya ujazo ni chini kidogo ya asilimia 8 ya nishati. Watu wawili wanaozungumzia asilimia ya haidrojeni bila kutaja kama ni ya ujazo au ya nishati hawatafika popote, kwa hiyo andika kipimo kila mara kwenye daftari la majaribio.

Usitarajie nguvu ile ile ya petroli. Amonia ikiingia kama gesi hunyang'anya hewa nafasi yake, na kwa injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye silinda) hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu. Sehemu ya hasara hiyo hurudishwa na uwiano wa mgandamizo. Injini ya 10:1 itafanya kazi, lakini 12:1 hadi 14:1 hufanya vizuri zaidi, na kwa kuwa amonia haigongi, huna sababu ya kubaki chini. Chagua injini yenye chumba cha mwako kilichoshikana na plagi katikati. Moto mvivu haupendi safari ndefu wala pembe nyembamba, na amonia huzimika kwenye mianya ambayo petroli ingepenya ikiwaka.

Mabomba, valvu na sili

Anza kwa kuondoa shaba yote. Amonia yenye unyevunyevu hula shaba, zinki na aloi zake, na hapo ndipo majaribio mengi huharibika kimyakimya: regyuleta ya gesi ya kupikia ina mwili wa aloi ya shaba, fitingi ndogo ya geji ni hiyo hiyo, na ndani ya injini kuna bushi ya konrodi na gaidi za valvu za aloi ya shaba. Tumia chuma cha pua au chuma cha kawaida kwenye njia yote ya amonia, na geji zilizoandikwa kuwa ni za amonia. Geji au manomita ya zebaki isikaribie kabisa, kwa sababu zebaki na amonia huweza kuunda kitu kinacholipuka. Klorini pia, ikiwemo ile ya dawa ya kufulia, isiwekwe chumba kimoja na mtungi.

Kwa oringi na gasketi, EPDM, neoprini na teflon hustahimili. Oringi za kahawia za Viton, ambazo mafundi wengi huzipenda kwa petroli, huvimba na kupasuka kwenye amonia. Fungua kila injekta na kila valvu ujue ina mpira gani kabla ya kuifunga.

Chota amonia kutoka mtungini ikiwa kimiminika, kupitia bomba linalozama ndani, kisha uigeuze gesi nje ya mtungi. Ukichota mvuke moja kwa moja, kilo 5.4 kwa saa zitanyonya karibu kilowati 1.8 za joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Mtungi utatoka barafu, shinikizo litashuka, na injini itakufa njaa baada ya dakika chache. Tanki lisijazwe zaidi ya asilimia 85 ya ujazo, kwa kuwa kimiminika hutanuka kikipata joto. Kwa sababu hiyo hiyo, kila kipande cha bomba kinachoweza kufungiwa kimiminika kati ya valvu mbili lazima kiwe na valvu yake ya usalama. Bomba lililojaa kimiminika bila nafasi ya kutanukia hupasuka hata juani tu.

Kikanza cha kugeuza amonia kuwa gesi kinaweza kuwa koili ya bomba la chuma cha pua ndani ya mkondo wa maji ya rejeta. Maji hayo hubeba joto la kilowati kadhaa, kwa hiyo yanatosha, ila wakati wa kuwasha bado ni baridi. Weka hita ya umeme ya kilowati 2 kwenye mkondo huo. Baada ya kikanza weka regyuleta ya kushusha shinikizo hadi bar 3 au 4. Kwa shinikizo hilo amonia haigeuki tena kimiminika kwenye joto la kawaida la chumba.

Amonia gesi inaweza kuingia kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) kwa mkondo usiokatika, kupitia kidhibiti cha mtiririko. Haina haraka ya kuwaka, kwa hiyo kukaa kwenye manifoldi hakuna hatari ya moto kurudi. Ukitaka injekta, kumbuka kwamba miligramu 60 ndani ya milisekunde 10 za mvuto ni gramu 6 kwa sekunde. Injekta moja ya gesi asilia ya gari dogo haifiki hapo. Utahitaji mbili au zaidi, au uziache wazi muda mrefu kuliko mvuto wenyewe.

Upande wa haidrojeni

Haidrojeni haiwezi kupewa uhuru huo. Iingizwe kwa injekta karibu na valvu ya kuingiza, ianze baada ya valvu ya kutolea moshi kufunga na iishe kabla valvu ya kuingiza haijafunga. Ikibaki kwenye manifoldi ikisubiri, mabaki ya moshi wa moto huiwasha na mlipuko hurudi kwenye chujio la hewa. Mpangilio wa njia ni huu: regyuleta ya mtungi, valvu ya umeme inayojifunga umeme ukikatika, kizuia moto, valvu ya njia moja, kisha injekta.

Tatizo la ukubwa wa injekta hapa linastahili umakini. Ukiwasha injini kwa haidrojeni tupu, hewa mara mbili ya inayohitajika, kila mvuto hudai miligramu 6. Ukishahamia kwenye mchanganyiko, hudai 0.8. Injekta inayotosha kuwashia huwa kubwa mno kwa kazi ya kawaida: hufunguka kwa muda mfupi kiasi kwamba kila mpigo hutofautiana na mwenzake, na injini huyumba. Njia rahisi ni kushusha shinikizo la haidrojeni baada ya kuwasha, mathalani kutoka bar 6 hadi bar 2.5 (shinikizo kamili, si la geji). Maadamu shinikizo la juu ni zaidi ya mara mbili ya lile la manifoldi, gesi hupita kwa kasi ya sauti na kiasi chake hufuata shinikizo moja kwa moja, kwa hiyo hesabu yako haiharibiki. Njia ya pili ni injekta mbili, kubwa ya kuwashia na ndogo ya kazi.

Haidrojeni inaweza pia kutengenezwa kutoka kwenye amonia yenyewe kwa kuivunja juu ya kichocheo chenye moto. Kwa mfano wetu, asilimia 7 tu ya amonia yote ndiyo inayohitaji kuvunjwa, na joto linalotumika ni chini ya nusu kilowati, ambalo moshi wa eksozi unalo. Kichocheo cha ruteniamu hufanya kazi kuanzia nyuzi joto 400 hadi 500. Cha nikeli ni rahisi kupata lakini hudai 600 na kuendelea, na moshi wa amonia mara nyingi hauna joto hilo injini ikiwa na mzigo mdogo. Maoni yetu ni kwamba uanze na haidrojeni ya mtungi, uielewe injini, ndipo ujenge chombo cha kuvunjia. Wanaoanza na vyote viwili hushindwa kujua ni kipi kinachowasumbua.

Wazo la gesi ya kusaidia si geni. Mwaka 1943, petroli ilipoadimika, mabasi nchini Ubelgiji yalitembea kwa amonia iliyochanganywa na gesi ya makaa ya mawe, ambayo karibu nusu yake ni haidrojeni.

Plagi, koili na wakati wa cheche

Koili ya kawaida ya injini ndogo haitoshi. Tafuta inayotoa milijuli 80 hadi 120, moja kwa kila silinda. Mifumo inayopiga cheche ya ziada mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi izimwe kabisa, kwa sababu cheche hiyo hukuta haidrojeni ikiwa inaingia. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.6 hadi 0.8 kwa mchanganyiko. Kwa haidrojeni tupu uushushe hadi 0.4. Epuka plagi za platinamu, kwani platinamu ni kichocheo na huiwasha haidrojeni kabla ya wakati wake.

Kwa mchanganyiko wenye haidrojeni asilimia 10 ya ujazo, anza na cheche digrii 35 kabla ya pistoni kufika juu, kwenye mizunguko 1500. Kwa haidrojeni tupu yenye hewa mara mbili, digrii 10 hadi 15 zinatosha. Ukiwa na sensa ya shinikizo ndani ya silinda, sogeza cheche hadi nusu ya mafuta iwe imeungua digrii 8 hadi 10 baada ya pistoni kupita juu. Bila sensa hiyo, isogeze digrii 2 kila mara na usimame pale nguvu inapoacha kuongezeka.

Kuwasha na kuzima

1. Washa feni na vigunduzi. Kigunduzi cha amonia kilie kwenye sehemu 25 kwa milioni; sehemu 300 kwa milioni ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Kiwe juu, kwa kuwa gesi yake ni nyepesi kuliko hewa, na kingine kiwe chini, kwa kuwa kimiminika kikivuja hutoa ukungu baridi unaotambaa sakafuni. Vaa barakoa ya uso mzima yenye kichujio cha amonia, alama K, rangi ya kijani. Wawepo watu wawili.
2. Pitisha nitrojeni kwenye mabomba, kisha upime kuvuja: sabuni kwa haidrojeni, karatasi ya litmasi iliyoloweshwa kwa amonia. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani, kwa hiyo usitafute kwa macho.
3. Pasha maji ya injini hadi nyuzi joto 70 na oili hadi 60.
4. Washa kwa haidrojeni tupu, throtoli wazi, lamda (hewa iliyopo ikigawanywa kwa ile hasa inayohitajika) 2 hadi 2.5, mizunguko 1200. Iache itulie.
5. Fungua amonia kidogo kidogo. Fuata utaratibu huu bila kuugeuza: ongeza amonia, sogeza cheche mbele, ndipo upunguze haidrojeni. Ukipunguza haidrojeni kwanza, moto hufa, na silinda humwaga amonia mbichi kwenye eksozi.
6. Lamda itashuka yenyewe kuelekea 1 kadiri amonia inavyoingia. Pita haraka kati ya 1.3 na 1.1, kwa sababu hapo ndipo oksidi za nitrojeni hupanda zaidi.

Kuzima ni kinyume chake: rudisha haidrojeni, funga amonia kwenye mtungi, iache injini imalize amonia iliyobaki bombani, kisha funga haidrojeni na upitishe nitrojeni. Gesi inayotolewa bombani ipite kwenye pipa la maji. Kimiminika cha amonia kilichomwagika kisimwagiwe maji, maana kitachemka ghafla. Maji ni ya kunyunyizia ukungu wake na ya kuoshea macho na ngozi, dakika 15 bila kukatisha.

Kutafuta kiasi sahihi cha haidrojeni

Hakuna namba moja. Mzigo ukiwa mkubwa, silinda huwa na joto na shinikizo, moto hukimbia, na asilimia 7 ya nishati hutosha. Mzigo ukishuka nusu, utahitaji takriban 10 au 11. Injini ikizunguka bure, amonia haifai kabisa. Iendeshe kwa haidrojeni tupu au karibu tupu. Mizunguko ikipanda, muda wa kuungua hupungua na haidrojeni lazima iongezeke, ndiyo maana injini ya polepole ndiyo rafiki wa amonia.

Funga throtoli na mizunguko mahali pamoja, kisha punguza haidrojeni kwa hatua ya asilimia 1 huku ukirekebisha cheche. Tofauti ya nguvu kati ya mpigo na mpigo ikizidi asilimia 5, umepita mpaka. Rudi hatua moja na uandike namba hiyo. Kuongeza haidrojeni zaidi ya hapo si faida: hupandisha oksidi za nitrojeni, hupoteza joto zaidi kwenye kuta za silinda, na huleta kugonga ulikokuwa umekuepuka.

Soma lamda, si uwiano wa hewa na mafuta unaoonyeshwa na kifaa. Kifaa cha petroli kikiandika 14.7 kinamaanisha lamda 1 tu. Uwiano halisi kwenye amonia tupu ni 6.06. Tena, haidrojeni ambayo haikuungua huifikia sensa upesi na kuidanganya kwamba mchanganyiko una mafuta mengi, kwa hiyo linganisha na hesabu ya mtiririko wa hewa na gesi kila mara.

Eksozi

Hata injini iliyorekebishwa vizuri hutoa maelfu ya sehemu kwa milioni za amonia isiyoungua, kutoka kwenye mianya ya pete za pistoni na gasketi. Moshi huo usitoke nje bila kusafishwa. Ukiendesha kwa lamda 1.05 hadi 1.1, moshi huwa na amonia na oksidi za nitrojeni kwa pamoja, na katalisti ya SCR (kichocheo cha kusafishia moshi) huzigonganisha zikawa nitrojeni na maji. Lengo ni molekuli moja ya amonia kwa moja ya NO (oksidi ya nitriki). Katalisti hiyo hutaka nyuzi joto 250 hadi 450. Ikiwa baridi, huhifadhi amonia kama sponji, kisha mzigo ukipanda huitema yote kwa mkupuo.

Pima pia oksidi ya nitrasi, N2O. Hutokea zaidi mwako ukiwa baridi au mwembamba (hewa nyingi, mafuta kidogo), na kilo yake moja hupasha dunia joto takriban mara 270 ya kilo ya kaboni dioksidi. Injini isiyotoa kaboni lakini inayovuja N2O haijaokoa chochote.

Usiamini sensa ya NOx (oksidi za nitrojeni) ya magari ya dizeli hapa. Huihesabu amonia kama NOx na kukupa namba isiyo na maana. Tumia kichambuzi cha miali ya infraredi, na bomba la sampuli liwe na joto la nyuzi 180 au zaidi, la sivyo maji yatatonesha, yataimeza amonia, na utasoma moshi safi usio safi.

Injini ikisumbua

Ikiwaka kwa haidrojeni na kufa amonia ikiingia, gusa bomba baada ya kikanza: likiwa na barafu, unaingiza kimiminika. Likiwa na joto, tazama nguvu ya koili kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ikipasua kwenye manifoldi wakati wa haidrojeni tupu, chelewesha mwanzo wa kupuliza, ongeza hewa hadi lamda 2.5, na usafishe kaboni kwenye kichwa cha silinda. Doa moja la kaboni lenye moto linatosha kuiwasha. Injekta inayovuja ikiwa imefungwa huleta dalili ile ile, hivyo ipime kwa sabuni.

Nguvu ikishuka taratibu siku hadi siku, fungua chujio la njia ya amonia. Ukikuta maji ya rangi ya bluu, mahali fulani bado kuna shaba.

Oili

Kila kilo ya amonia hutoa kilo 1.6 za maji, na kila kilo ya haidrojeni hutoa 9. Sehemu yake hupita pete za pistoni na kuingia kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) pamoja na amonia, na hapo oili hugeuka maziwa na kupoteza ulainishaji. Endesha oili kati ya nyuzi joto 90 na 100 ili maji yapate kutoka, usiizime injini ikiwa bado haijafikia joto hilo, na uibadilishe kwa robo ya muda uliozoeleka kwenye petroli hadi vipimo vya maabara vikuruhusu kurefusha. Bomba la kupumulia la sampu lisirudishwe kwenye manifoldi. Livutwe kwa hewa safi hadi nje kupitia maji, na kifaa cha kugundua haidrojeni kifungwe juu yake kikikata mafuta yote kwenye asilimia 1, robo ya kiwango kinachoweza kulipuka.